Lifti ya Sarafu

Lifti ya jengo letu, hapa Tbilisi, hula sarafu,
na mimi sina hata ndururu.
Ghorofa ya tano. Magoti yanacheza.

Leo nimechuchumaa na kilo arobaini mabegani,
nikainuka mara nane. Ya tisa
niliinuliwa na Manana, mkufunzi, rika la binti yangu.

Zamani nikichoka jioni, alfajiri nimesahau.
Sasa, na hamsini na mbili zangu, uchovu ni mgeni:
siku ya tatu nampa jembe, hashiki.

Ghorofa ya pili nimeketi ngazini.
Bibi Tsiala, themanini na ushei, afungua mlango:
"Unaumwa?"
"Najengwa."

Ananipa sarafu. Naipokea;
kiburi nimekiacha kule penye vyuma.
Mkono unatetemeka. Tundu la sarafu
linanikwepa.