Kifaa Kisichojulikana

Barabara ya Nane, Ngamiani, saa tano usiku.
Umeme mdogo, feni inazunguka kwa kujilazimisha.
Mbele yangu kompyuta ya Mama Semhando;
jana niliifuta yote, nikaipiga windo ileile ya zamani.

Imeamka, lakini kama mtu aliyetoka kwenye homa kali:
anakutazama, hakujui.
Herufi zimevimba kama za kibao cha duka,
rangi zimechujuka,
spika bubu,
waya wa mtandao umechomekwa, hakuna aliyeupokea.

Mchana mwenyewe aliniuliza: Kwani imekosa nini?
Nikamjibu, imekosa madereva.
Alicheka mpaka akashika mlango:
Mhina wangu yuko nyumbani tu, leseni anayo,
nimlete umwingize humo?

Nafungua orodha ya viungo.
Alama za mshangao, tano, manjano mabichi,
na mbele ya kila moja neno lilelile:
kifaa kisichojulikana,
kifaa kisichojulikana.
Diski yao ilipotea siku ofisi ilipohama kutoka Makorora.

Basi nauliza, kama anavyoulizwa mgeni msibani:
wewe wa kwa nani?
Hataji jina. Anatoa namba.
Nane, sifuri, nane, sita: huo ukoo.
Zinazofuata ni zake mwenyewe.
Chande ananisomea, naandika juu ya boksi la viberiti,
natafuta kwa simu, bando la jero,
linakwisha katikati ya faili.
Jero nyingine.

Wa picha kapatikana. Herufi zikanywea, zikakaa mahali pake.
Wa mtandao ametusumbua;
ilibidi tufungue boksi.
Ndani vumbi la miaka, mjusi mkavu,
uzi wa mkonge umejisokota kwenye feni
(hii mashine ilianzia ofisi ya shamba, naona).
Nikasugua kwa mswaki na spiriti,
Chande akamulika,
tukasoma maandishi madogo kuliko chawa.

Wa sauti alikuja bila hodi.
Kengele ya kuwaka ikalia kwa nguvu zote,
jirani akagonga ukuta.

Akabaki mmoja.
Namba zake nimezirudia mara nne.
Saa saba kasoro ndipo nikamjua:
modemu ya simu ya mezani.
Laini yenyewe ilishakatwa,
nguzo yake, nasikia, iliishia jikoni kwa mtu.

Chande akasema, mzime tu, fundi, tukalale.
Ningeweza.
Lakini mtu akishakutajia ukoo wake
utamwambiaje toka?
Nikamwekea dereva wake.
Manjano yote yakafutika.
Yuko tayari kupiga simu,
hana pa kupiga.

Kesho Mama Semhando atakaa hapa, atabonyeza mawili matatu,
atageuka:
Elfu kumi ya nini, baba,
na hukubadili hata skrubu?