Shimo la Muhanga

Nilidhani ni tairi bovu limetupwa
kwenye mdomo wa shimo la muhanga,
mkorosho wa saba kutoka barabara ya Ndanda.
Tairi likavuta pumzi.

"Lete mafuta ya taa," alisema Nangumbi, mwenye shamba.
"Chatu namjua, ana mabaka ya kahawia,
kama kanga iliyochujuka. Huyu mweusi ametumwa."
Chitanda, mpwa wake, akaweka ndoo chini.
"Ni chatu huyohuyo, mjomba. Jike. Ana mayai humo.
Msimu huu hugeuka masizi
jua limwingie upesi,
ateremke nalo shimoni akayakumbatie."

Kijana yule akifunguka hafungiki.
Tukinyofoa korosho kwenye mabibo, vidole vikinata,
akatuletea chatu wa dunia nzima pale Chikundi:
yupo wa Asia, ngozi kama jarife lililotandazwa,
ukimnyoosha sebuleni kwangu mkia utabaki uani;
yupo mfupi wa Afrika Magharibi,
ukimtisha hujikunja donge,
kichwa katikati, kama mtoto aliyevunja kikombe;
na wa visiwa vya mbali, huko jua linakotokea,
huzaliwa wa njano, ukubwani ndipo anakuwa kijani.
"Embe lililokosea njia!" Nangumbi akacheka,
kibiriti bado mkononi.

Sumu hawana hata tone.
Midomoni wana vishimo vinavyoona joto,
panya hana giza la kujifichia
maadamu damu inamzunguka.
Na karibu na mkia, kucha mbili,
mabaki ya miguu
waliyoiacha njiani, zamani, sijui kwa deni gani.

Mimi sikucheka. Sikuwa pale.
Nilikuwa wodini, kwa mdogo wangu Somoe,
kichanga cha kilo moja na robo
kimefungwa kifuani pake, ngozi kwa ngozi,
usiku na mchana.
Nesi anaita kangaruu.
Ukoo wetu mzima hakuna aliyewahi kumwona kangaruu.

"Anakula nini huyu mama?" niliuliza.
"Hali. Miezi. Mpaka waanguliwe."
Nikakumbuka bakuli la uji lililorudi limejaa.

Nikamwambia Nangumbi: una mikorosho mia mbili na kumi.
Mwachie mmoja.
Akanikumbusha mbuzi wa Bi Likandaga, mwaka juzi,
hatukuokota hata kwato. Ni kweli. Sikumbishia.
Chitanda akauliza tu: panya wa stoo
walikula kilo ngapi msimu uliopita?
Mkulima wa korosho, mtajie kilo, atanyamaza.
"Mpaka mnada wa mwisho," akasema,
kibiriti kikarudi mfukoni.

Mnada wa mwisho bei ilianguka,
hakuna aliyekumbuka nyoka.
Nilipita peke yangu, panga mkononi, siwezi kudanganya.
Vitoto vilikuwa vimejianika mlangoni,
mabaka mapya, mang'avu,
kama vipande chini ya cherehani ya fundi.
Nyuma yao mama, ngozi imemlegea,
mkanda wa mtu aliyekonda.
Jua lilipoelemea wakaingia mmoja mmoja
kwenye mikunjo yake,
naye akajikaza kidogo, kama anayefunga nguo.

Somoe alitoka Ijumaa. Kilo mbili na gramu themanini.
Nilimfungua mtoto nimwogeshe
nikakuta kifuani pa mama yake
alama ya shavu, imebonyea, ingali na joto.
Kwenye kadi wameandika kangaruu.
Sikusema kitu.
Nani angenielewa, siku ya furaha,
nikianza kutaja nyoka?