Daraja

Nyuma ya bahasha ya bili ya umeme
nimeandika tena, kwa kalamu ya wodini:
ada, vitabu, sare nyeupe, chanjo,
alama za vidole, mtihani wa bodi,
petroli ya kuvuka mto mara nne kwa wiki.
Jumla nimeiandika kwa tarakimu ndogo
isimwamshe Lucien.

Miaka kumi na sita ni muuguzi wa ufundi.
Nageuza miili, nafunga vidonda, nahesabu vidonge,
nafumba macho ya waliokwisha kuondoka.

Chumba cha kumi na nne alilala Bwana Leger,
fundi wa kuchomelea wa kiwanda cha mafuta.
Saa tisa usiku nilimsikia kabla sijamfikia:
pumzi yenye maji ndani,
kama birika linalowaza kuchemka.
Nilijua.
Lakini sheria ya Texas imenipa macho, ikaninyima ulimi:
naruhusiwa kuandika nilichokiona,
siruhusiwi kuandika maana yake.
Nikampigia Kaylee, miaka ishirini na minne,
muuguzi msajiliwa, yuko jengo la pili.
Akaja mbio, nywele zimefumuka,
akamtazama mzee, akanitazama mimi,
akanong'ona: "Bi Vernetta, unaonaje?"
Nikamwambia.
Akaandika.

Bwana Leger aliishi hadi Pasaka.
Sina kinyongo na Kaylee.
Kinyongo changu ni kwa kalamu.

Kuna chuo cha kibiashara kule Houston
kilichonipigia simu mara saba.
Kijana ana sauti ya sharubati:
"Miezi kumi na miwili tu, mama, hakuna foleni."
Nikauliza bei. Akasifu maabara.
Nikauliza bei. Akaniuliza ndoto zangu.
Mara ya tatu akaitaja, elfu arobaini na nane,
nikanyamaza kama niliye kwa daktari wa meno,
mdomo wazi, neno hakuna.
Dada yangu Ozelia alitia saini kwa watu kama hao
mwaka ule wa kimbunga.
Chuo kilifunga milango.
Deni halina mlango.

Chuo cha jamii kiko nyuma ya duka la matairi.
Mshauri wake, Bi Prudhomme, hana sauti tamu.
Ana mafua, na ana ukweli.
"Kozi ya daraja, mihula mitatu. Ada utaimudu.
Hospitali italipa nusu, nawe uwatumikie miaka miwili.
Fomu ya msaada ni bure, usimlipe mtu akujazie.
Ila anatomia yako ni ya zamani mno. Muda wake umekwisha."

Umekwisha! Kama maziwa.
Kana kwamba tangu nilipoisoma
figo zimehamia kifuani.

Nimeisoma upya, pamoja na watoto
waliozaliwa nikiwa tayari zamu ya usiku.
Nalala garini kati ya kazi na darasa,
kiti kimelazwa, viatu juu ya dashibodi,
kengele ya simu dakika arobaini.
Wasemao haba na haba hujaza kibaba
hawajaona kibaba chenye tundu:
wiki hii jino la Lucien, wiki ijayo bima.
Kwenye orodha ya kungoja mimi ni wa thelathini na moja.
Mwezi uliopita nilikuwa wa thelathini na nne.
Sijui hao watatu wamepata nini.
Nawaombea kiwe chema.

Jumanne jioni navuka mto Neches.
Daraja hilo wamelipandisha juu mno, meli zipite,
na ukiwa unapanda huuoni upande wa pili:
boneti tu, na anga,
na miali ya kiwanda ubavuni.
Hapo ndipo gari langu hukohoa.
Nazima redio, nalisikiliza kifua.
Kikohozi hiki nakijua, na maana yake pia,
wala hakuna wa kumpigia simu jengo la pili.
Plagi.
Dola kumi na nne.
Nitaongeza kwenye bahasha.