Tarakimu Tatu

Nililala nikiwa mia saba na kumi na mbili,
nikaamka mia tano hamsini na tisa.
Sikuua. Sikuiba. Usiku kucha
nilikuwa chini ya blanketi mbili, hapa Duluth,
na theluji ikirundikana juu ya gari langu
kama kawaida yake ya Februari.

Kukopa harusi, kulipa matanga.
Harusi yangu ilikuwa fomu ya kurasa kumi na moja
niliyoijaza jikoni, peni ikikwaruza,
na Baba, fundi wa reli ya madini,
akiipitia kwa kidole mstari kwa mstari.
Aliuliza jambo moja tu: "Anayekopesha nani?"
"Serikali."
Akatulia. "Basi hao hawahami."

Wamehama mara tatu.
Deni langu limepita kampuni hadi kampuni
kama mtoto wa kambo, kila nyumba na jina jipya,
nenosiri jipya, sanduku la posta
katika jimbo nisilowahi kulikanyaga.
Amri yangu ya benki, ile ya kila tarehe tano,
hakuna aliyeiambia. Iliendelea kubisha mlango wa zamani.
Barua nazo zilikwenda Mtaa wa Tatu Mashariki,
kwenye chumba nilichokihama miaka minne nyuma.
Labda kuna mtu huko amezikunja
akategea meza inayoyumba.

Dawa ya deni kulipa. Sawa.
Dawa ninayo mkononi;
mgonjwa ndiye aliyehamishwa wodi.

Nilipiga simu. Saa moja na dakika arobaini za kinanda,
kisha sauti ya upole, Delphine jina lake:
"Malipo yako tumeyaona, mama."
"Yote?"
"Yote. Ila kuchelewa kumesharipotiwa."
"Basi futa."
"Kufuta si idara yetu."
"Idara ya nani?"
Kinanda tena.

Nilikopa elfu ishirini na mbili.
Nimelipa miaka minane.
Nadaiwa elfu ishirini na sita.
Hesabu hii nilimwonyesha ndugu yangu Kermit,
mwalimu wa hesabu, akaigeuza karatasi
kutazama kama nyuma pana kitu.

Na Torvald Haugen ana ghorofa ya juu,
vyumba viwili, dirisha linalotazama ziwa.
Alinipokea kwa kahawa. Alinionyesha bafu.
Kisha akavaa miwani, akafungua kompyuta,
akaiona namba.
Masikio yake yakawa mekundu.
"Si mimi, Roswitha," alisema. "Ni bima. Ni utaratibu."
Kahawa yangu ilikuwa bado ya moto.

Mke wa Torvald ni Inga.
Inga ndiye kiti namba sita kliniki kwetu,
Jumatatu, Jumatano, Ijumaa, saa kumi na moja na nusu alfajiri.
Mimi ndiye ninayemchoma sindano mbili,
ninayetazama damu yake ikitoka mwilini,
ikapita mashineni, ikasafishwa, ikarudi kwake
yote, hadi tone la mwisho.
(Fedha zangu hujua kutoka tu.)
Mara tatu kwa wiki mzee huyu huniamini na damu ya mkewe.
Ngazi zake kumi na nne, hapana.

Kazi yangu ni namba za watu.
Potasiamu ikipanda, namwambia mtu
apunguze viazi, aache ndizi.
Uzito ukizidi, apunguze maji.
Kila namba ina chakula chake.
Hii yangu imeshuka: niache nini?
Niache kuhama? Niache kulipa tarehe tano
mlango ambao hauna mtu?

Jumatatu Inga alikuja na soksi za sufi,
akaniwekea mkono ule wenye mshipa uliovimba
kama kamba chini ya ngozi.
"Torvald kaniambia ulikuja kuona ghorofa," alisema.
"Utatuhamia lini?"

Hakumwambia, kumbe.

Nilipachika plasta juu ya sindano,
nikaibana kwa kidole gumba, taratibu.
"Bado natafuta," nikasema.
Mashine ikaanza kuzunguka.
Nikasoma shinikizo lake la damu, nikaliandika.
Ilikuwa namba nzuri.
Nikamwambia.