Dakika ya Nane

Begi nimeliacha mlangoni, na kalamu ya wino pia.
Famau, mtunza maktaba, amenipa penseli fupi
iliyotafunwa kisogoni na watafiti walionitangulia,
na fomu: jina, kitambulisho, madhumuni ya ziara.
Madhumuni nimeandika "utafiti".
Ni uongo wa penseli, unafutika.

Ghorofa ya juu, mtaa wa Langoni, chumba cha muziki
kina feni moja na makabati saba ya chuma
yaliyopakwa rangi ya zahanati.
Humo, asema Famau, mmelala matari na nzumari,
magambusi ya watu waliokufa na madeni yao,
kirumbizi cha sikukuu fulani pamoja na mvua yake,
kila kitu kwa nambari, kila nambari kwa kadi,
na kadi hupangwa upya kila Jumatatu
kwa sababu mende wanapenda gundi.

Naagiza ya arubaini na moja.

"VUGO. Harusi, Mkomani. Wanawake wapatao thelathini.
Mwimbaji kiongozi: hajulikani.
Hali ya ukanda: wastani.
Dakika ya nane, kelele."

Hedifoni zina sikio moja zima. La kushoto limekufa
tangu Ramadhani, na barua ya kuomba jingine
ingali mezani kwa mkubwa, yasubiri muhuri.
Basi nasikia nusu ya harusi:
nusu ya pembe za nyati zikigongwa,
nusu ya vigelegele,
na katikati yake, nzima, haikugawika,
sauti yenye kikwaruzo cha tambuu:

    Pembe yangu i mkono, sikuya kuomba wali,
    nimekuya kwa maneno yatokayo nti mbali.

Hajulikani!
Mimi niliyefungwa vifungo vya shati na mikono hiyo,
niliyechapwa kwa kandambili yake ya kuogea,
namjua hata anapovuta pumzi.
Jina lake nalijua, na la babake, na la nyumba.

Penseli iko mkononi. Kadi ina nafasi.
Famau amegeuka kupangusa vumbi, makusudi, nadhani.

Lakini wale walikuwa wanawake, na mlango waliufunga.
Yale maneno ya ubeti wa tano, ambayo sitayasema hapa,
hayakuimbwa ili mwanamume wa miaka hamsini na mbili
ayasikilize kwa sikio moja, fomu mapajani.
Nani alimpa ruhusa mwenye kinasa sauti?
Huenda ni yeye mwenyewe. Alipenda kusikika.
Alipenda pia kukana kwamba aliimba.
Ukimuuliza asubuhi: "Mimi? Nalikuwa nimelala."

Narudisha ukanda nyuma, nauacha ufike dakika ya nane.
Pembe zanyamaza. Mtu acheka. Kikombe chaanguka.
Kisha kelele:

    "Bibi, nipa mai."
    "Ngoya, mwana."
    "Nipa mai!"

na yeye, bila kukosa pigo, aingiza kiu yangu wimboni,
wanawake thelathini waitikia kwamba mtoto ana kiu,
na mtu, kaseti haisemi nani, ananipa maji.
Nasikia nikinywa.

Ule ndio mwaka wa mwisho nilioruhusiwa chumba kile.
Mwaka uliofuata nilikuwa mwanamume, miaka sita,
nje ya mlango, nikihesabu viatu.

Saa sita na nusu. Famau afunga kwa swala, atikisa funguo.
Mahali pa mwimbaji nimepaacha palivyo.
Kama alikuwa amelala, na alale.
Lakini chini, penye dakika ya nane,
nimelikata neno moja kwa mstari,
nikaandika kwa mwandiko wa shule:

"Si kelele. Ni Bwanaadi, miaka mitano.
Alipewa maji."

Famau asoma, akuna kidevu.
"Kuna fomu ya masahihisho," asema.
"Njoo Jumatatu."