Nguzo ya Kumi na Saba

Miaka ishirini na miwili nilipanda nguzo za simu
katika kisiwa cha Westray, kaskazini kabisa ya Uskoti,
ambako upepo hauruhusu mti kurefuka
na nguzo ndiyo kitu pekee kinachothubutu kusimama.
Mkanda kiunoni, koleo mfukoni:
Merran Isbister, fundi wa waya.

Ulianza mguu wa kushoto. Ukawa mguu wa jirani.
Kisha jicho: rangi nyekundu ikachujuka
ikawa kama chai iliyosahauliwa dirishani.
Huku kwetu hakuna anayeuliza mara mbili.
"Sklerosisi," walisema dukani,
kama watu wanaosema "mvua".

Lakini lile la pili halikuwa na jina dukani.
Lile la kuamka saa nane za usiku
bila kilio na bila usingizi.
Lile la kukaa kitandani nusu saa, soksi mkononi,
nisijue watu huvaa soksi ili iwe nini.
Wewe, Tam, ulileta chai ukaiweka mlangoni.
"Jikaze," ukasema.
Nilijikaza, Tam.
Nilijikaza hadi pa kujikazia pakaisha.

Wengine walisema: nani asingehuzunika,
amepoteza mguu, na kazi, na ngazi?
(Koleo likivunjika uhunzi hauishi. Najua. Najua.)
Nikakubali, maana kukubali hakuhitaji nguvu.
Ila huzuni naifahamu. Nilimzika mama mwezi wa pili,
ardhi ngumu, sepetu ikitoa cheche.
Huzuni ile ilikuwa na uso. Ilikula mezani, ilisinzia,
siku moja ikaniaga.
Hii haina mtu ndani.
Hii ni kuinua simu na usisikie hata mvumo.

Nikapelekwa Aberdeen kwa ndege ya propela,
nikaingizwa katika bomba la sumaku
lililogonga kama fundi bati mwenye deni.
Daktari Sivanesan akanionyesha makovu meupe,
kisha picha nyingine, ya nyuzi.
"Hapa panapopima mambo na hapa panapoyahisi
palizoea kuongea kutwa.
Sasa huku sauti imefifia.
Huku, tazama, wanapigiana kelele."

Nikamuuliza: je, waya ndio ulioharibika giza likaingia,
au giza ndilo lililougugumia waya?
Akaweka kalamu chini.
"Sijui. Tunaviona vikiandamana.
Kipi kimetangulia, bado hatujui."
Nilimpenda kwa ile sijui yake.
Fundi mwongo hujibu kabla hajapanda.

Unaikumbuka nguzo ya kumi na saba, njia ya Rackwick?
Baada ya dhoruba, Bibi Rendall hakupokea simu siku tisa.
Kisiwa kizima kikasema ana kiburi.
Kumbe kila jioni alikaa na mkono wa simu sikioni,
akiita, "Haloo? Haloo?"
Nikapanda. Waya haukukatika.
Ala yake ndiyo iliyoliwa, shaba ikabaki uchi ikinywa chumvi,
na sauti za watu waliompenda
zikavujia upepo kabla ya kumfikia.
Nilishuka, nikabisha kwake, nikamwomba radhi.
Sikumwambia ajikaze.

Sikuandikii kukulaumu.
Nakuandikia kwa sababu kusema kunanichosha
na mkono wa kulia bado ni wangu.
Nameza kidonge kimoja asubuhi.
Kila Jumanne mama mmoja wa Kirkwall
hunipigia simu, simu, hebu fikiri,
na kuna wiki ninamjibu kwa pumzi tu, naye anangoja.
Sitarudi juu. Sidai hivyo.
Wewe leta chai, lakini usiiache mlangoni.
Ingia. Keti. Nyamaza hata saa nzima,
mradi laini iwe wazi.

Leo nimevaa soksi zote mbili.
Moja ni yako.