Arubaini ya Kitatange

Miaka ishirini na sita, kiwandani Barka,
riziki yangu ilikuwa kuitoa chumvi majini.
Leo, mstaafu, nimechuchumaa chumba cha kufulia,
hapa Mabela,
naipima chumvi kwa gramu, nairudisha.
Thuwaiba anapita na beseni la nepi:
"Mungu si Athumani. Deni hilo unalipa."

Tangi la lita themanini, tupu kama chumba cha kupanga.
Hamna mchanga. Hamna jiwe.
Mchanga hunywa dawa, jiwe hunywa dawa,
mgonjwa akabakiwa na maji matupu.
Mna vipande viwili vya bomba la plastiki, vya kujifichia,
mabaki ya choo cha juu tulichokarabati,
na sponji
niliyoiloweka wiki sita kwenye tangi kubwa la sebuleni
mpaka ikaota uhai ule usioonekana,
unaokula sumu ya mkojo kabla sumu haijamla samaki.
Kipasha maji sikuweka. Mwezi wa saba, Mabela,
bomba la maji baridi latoa chai.
Nimeweka feni, nimeifunga kwa kipande cha leso kuukuu.

Kitatange nimemnunua riali kumi na nane
kwa kijana wa Kimalabari nyuma ya kituo cha petroli.
"Mzima kabisa," aliapa.
Mwaka jana pia aliapa.
Mwaka jana nilimpokea mgeni kama tulivyolelewa,
karibu, karibu, moja kwa moja ndani,
naye alikuja na chembe za chumvi mapezini
ambazo hazikuwa chumvi.
Siku tisa. Samaki kumi na mmoja.
Mgeni njoo, mwenyeji apone:
nilikuwa naisema huku nikiwaopoa kwa chujio la tui.
Chujio lile Thuwaiba hajanisamehe.

Ghorofani yuko binti yetu Raya, kajifungua,
naye yumo arubaini yake:
maji ya moto, uji wa pilipili manga, mlango nusu wazi.
Wageni wanakuja na bahasha na udi,
mama yake anawasimamisha ngazini:
"Una mafua? Basi mtoto utamwona kwenye simu."
Kwa hiyo jikoni kuna kalenda mbili,
zote za kalamu nyekundu,
na siku moja nilipitiwa
nikaandika "shaba, matone manne" kwenye ya Raya.
Sauti ikashuka ngazi: "Baba, niyanywe kabla ya kula?"

Shaba haina mzaha. Ikipungua, mdudu anacheka;
ikizidi, anayekufa ni samaki.
Asubuhi na jioni natikisa kichupa,
nakilinganisha na kadi ya rangi,
kwa miwani, bila miwani. Namwita Thuwaiba:
"Ni kijani hiki, au kile?"
"Vyote kijani."

Usiku wa thelathini mtoto aliumwa tumbo.
Tulimbeba kwa zamu mpaka adhana,
na mimi, kichwa kizito, nilibadilisha maji ya tangi
nikasahau kurudisha shaba.
Nilikuja kukumbuka nilipoona kidoa,
kimoja, cheupe, pezi la kushoto,
kidogo kuliko punje ya sukari.
Sikumwambia mtu.
Nilichana karatasi, nikaandika: moja.

Raya alitoka arubaini yake Ijumaa.
Akaoga, akafukizwa, akacheka kwa sauti
kama mtu aliyerudishiwa miguu.
Mumewe Hilal alikuja na gari kutoka Suhari,
kiti cha mtoto kimefungwa nyuma, bado kina lebo.
Wakaondoka.
Sisi tukabaki tukilisikiliza friji.

Usiku nashuka. Mashine ya kufulia imenyamaza.
Kitatange anachungulia kutoka kwenye bomba la choo,
buluu yote ile,
na ubavuni lile bato la njano,
kama ramani ya nchi nisiyoijua.
Ananitazama kwa jicho moja; hawana namna nyingine.
"Siku ya nne leo," namwambia.
"Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sasa wewe..."

Natafuta kichupa.
Miwani nimeiacha juu.